Kabla ya kuiacha bima ya nyumba, fungueni kwanza ripoti ya uthamini

SWALI: "Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Nzuguni hapa Dodoma. Mimi na mume wangu tulijenga kwa mkopo wa benki mwaka 2019, na bima ya nyumba tunakatiwa kupitia benki hiyohiyo. Miaka yote nyumba imekuwa kwenye bima kwa shilingi milioni 85, na tulikuwa tunalipa 150,450 kwa mwaka. Mwezi uliopita nimepigiwa simu kwamba uthamini mpya umefika milioni 140 na ada sasa ni 330,400. Hatujawahi kulipwa dai hata moja, na tulipowahi kuwaonyesha nyufa za ukutani walikataa. Mume wangu amesoma kwamba huko Marekani bima za nyumba zimepanda mno kwa sababu ya moto na vimbunga, anauliza kama sisi wa Dodoma ndio tunawalipia. Anataka tuwaambie benki waiache kwenye milioni 85, na mkopo ukiisha mwakani tuachane na bima kabisa. Tunaomba ushauri."

JIBU: Mwalimu, habari za Nzuguni, na salamu zangu zimfikie mzee. Kuongezewa ada zaidi ya mara mbili wakati hujawahi kulipwa dai kunauma, na kunauma zaidi pale aliyepiga simu anapotaja bei bila kueleza ilikotoka. Swali hili naulizwa mara nyingi sasa na watu wa Dodoma waliojenga katika miaka hii kumi, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Nianze na namba zenu zenyewe. Ukiondoa VAT ya asilimia 18 kwenye 150,450, inabaki 127,500. Kwa nyumba ya milioni 85, hiyo ni shilingi moja na nusu kwa kila shilingi elfu moja ya thamani. Fanya hivyohivyo kwenye 330,400: inabaki 280,000, na kwa milioni 140 hiyo ni shilingi mbili kwa kila elfu. Maana yake mmepandishiwa vitu viwili kwa mkupuo mmoja, thamani na kiwango. Kama kiwango kingebaki cha zamani, milioni 140 ingewagharimu 247,800 pamoja na VAT. Basi katika nyongeza yenu ya 179,950, shilingi 97,350 zimeletwa na karatasi ya mthamini, na 82,600 zimeletwa na kiwango kipya. Sehemu kubwa imetoka kwenye karatasi, na karatasi hiyo ndiyo mnayoweza kuihoji mkashinda.

Swali la mzee kuhusu Marekani lina ukweli, ingawa linaangukia ile sehemu ndogo. Kampuni ya bima ya hapa haibebi hatari zote peke yake. Sehemu ya hatari inapelekwa kwenye kampuni za bima mtawanyo, yaani zile zinazozikatia bima kampuni za bima zenyewe: Tan-Re hapa nyumbani, ZEP-RE na Africa Re katika ukanda wetu na bara letu, na kwa hatari kubwa zaidi kampuni za ng'ambo kama Munich Re na Swiss Re. Hao wa ng'ambo wanabeba Florida, California na Afrika Mashariki kwa mtaji uleule. Kimbunga Ian kilipoipiga Florida mwezi Septemba 2022, malipo ya bima yalipita dola bilioni 50, na mikataba ya bima mtawanyo iliyohuishwa Januari 2023 ikapanda bei karibu kila pembe ya dunia. Kampuni ya hapa ikinunua kinga yake kwa bei ya juu, nyongeza hiyo lazima itafutiwe pa kwenda, na inaishia kwenye ankara kama yenu.

Ila mzee ajue pia kwamba wenzetu wa kule wamebanwa kuliko sisi. State Farm, ambayo ndiyo kampuni kubwa kuliko zote katika bima za nyumba huko California, iliacha kupokea maombi mapya ya nyumba katika jimbo hilo Mei 2023. Baada ya moto wa Los Angeles wa Januari 2025 ikaruhusiwa kupandisha ada ya nyumba kwa dharura kwa asilimia 17. Kuna wenye nyumba kule ambao bei si shida yao tena, shida yao ni kupata kampuni ya kuwapokea. Hapa kwetu bado unaweza kwenda kampuni tatu ukapata bei tatu, na jambo hilo nitalirudia kwa sababu lina faida kwenu.

Kiwango kimesukumwa pia na mambo ya hapahapa. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa kama shilingi 2,330. Katikati ya 2024 ilikuwa imepita 2,600. Ada za bima mtawanyo wa nje zinalipwa kwa dola, na malighafi ya bati na nondo nayo sehemu kubwa inaagizwa kwa dola. Halafu ukaja msimu wa mvua wa 2023/24. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaifukia sehemu ya Katesh, ambako si mbali na sisi wa kanda hii. Tarehe 25 Aprili 2024, Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge hapa Dodoma kwamba watu 155 walikuwa wamefariki kutokana na mvua hizo nchini. Siku chache baadaye, tarehe 4 Mei, Kimbunga Hidaya kikaingia Mafia. Nyumba nyingi zilizobebwa msimu ule hazikuwa na bima, na hilo linanisikitisha kila nikilikumbuka. Lakini anayepanga viwango haangalii malipo ya jana peke yake, anaangalia mvua inakoelekea.

Hayo ya kiwango tuyaache hapo, turudi kwenye karatasi.

Ombeni benki nakala ya ripoti ya uthamini. Kwa kawaida mkopaji ndiye anayelipa gharama ya mthamini, kwa hiyo msione haya kuiomba. Mkiipata, msiishie ukurasa wa kwanza. Ripoti za uthamini za hapa nchini huwa na thamani zaidi ya moja: thamani ya soko, thamani ya kuuza kwa haraka, ambayo benki inaitaka kwa siku mkopo utakaposhindikana, na mara nyingi thamani ya bima, yaani gharama ya kulijenga upya jengo hilo likiteketea. Bima ya nyumba inatakiwa ikatwe kwa hii ya tatu. Nimeona nyaraka nyingi ambazo ofisa alichukua namba kubwa ya juu, thamani ya soko, akaipeleka kampuni ya bima kama ilivyo. Sisemi benki yenu imefanya hivyo, kwa sababu ripoti yenu sijaiona. Nasema ndiyo sehemu ya kwanza ya kutazama.

Thamani ya soko ina kiwanja ndani yake, na viwanja vya Dodoma mnavijua. Serikali ilipotangaza Julai 2016 kwamba inahamia huku kweli, mji ulianza kubadilika mbele ya macho yetu. CDA, ile mamlaka ya ustawishaji makao makuu iliyokuwa inasimamia ardhi ya mji, ikavunjwa Mei 2017, ikaagizwa kwamba hati za miaka 33 ziwe za miaka 99. Tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956 katika manispaa, na ile ya 2022 ikakuta 765,179 katika jiji. Nzuguni mliyojenga 2019 sasa ina stendi kuu ya mabasi na Soko la Job Ndugai. Yote haya yamepandisha bei ya ardhi yenu, na mshukuru Mungu kwa hilo, lakini moto ukiwaka jikoni usiku wa leo, kiwanja kesho asubuhi kitakuwepo palepale. Hakuna sababu ya kukilipia bima.

Tuchukue mfano. Tuseme katika ile milioni 140, kiwanja ni milioni 38. Linabaki jengo la milioni 102 kwa bei ya soko. Msikimbilie kuandika 102, kwa sababu kujenga upya kuna gharama ambazo mnunuzi wa nyumba hazioni: kubomoa ukuta uliobaki, kulipa magari ya kuzoa kifusi, michoro mipya, kibali cha Halmashauri ya Jiji, na mafundi kwa bei ya leo. Uzio, geti, shimo la maji taka na mnara wa tangi navyo vihesabiwe kama mnataka vilipwe. Mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa akikaa na mchoro wenu, tuseme anafika milioni 110. Kwa kiwango kilekile kipya cha shilingi mbili kwa elfu, ada inakuwa 220,000, na pamoja na VAT 259,600. Mmeokoa 70,800 kwa mwaka bila kupunguza hata tofali moja la kinga.

Mume wako anaweza kusema: kwa nini basi tusibaki na 85, tuokoe zaidi? Hapa ndipo naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu nimeona familia zikilia juu ya jambo hili. Mikataba ya bima ya mali ina kanuni ya uwiano, ambayo wengi mtaisikia ikiitwa aveji. Ukikata bima pungufu ya gharama halisi ya kujenga, kampuni inakuhesabu kwamba sehemu iliyobaki umeamua kuibeba mwenyewe, na inakulipa kwa uwiano huo hata kama hasara ni ndogo. Nyumba ya kujengwa kwa milioni 110 ikiwa na bima ya milioni 85, halafu paa likaharibika kwa hasara ya milioni 22, hamtalipwa 22. Mtalipwa 85 gawa kwa 110, mara milioni 22, ambayo ni milioni 17. Milioni 5 zinatoka kwenu, na bado hapo haijakatwa ekses, ile sehemu ya kwanza ya kila hasara ambayo mteja anaibeba. Watu wengi wanadhani kiasi kilichoandikwa ni kikomo cha malipo tu, na hasara ikiwa chini yake unalipwa yote. Sivyo. Na kwa kuwa nyumba yenu imekaa kwenye 85 tangu 2019 wakati saruji, bati na ufundi vimekuwa vikipanda, upo uwezekano mkubwa kwamba miaka ya karibuni mlikuwa na bima pungufu bila mtu kuwaambia.

Kwa hiyo ile simu iliyowaudhi ilikuwa na jambo la haki ndani yake. Thamani ilihitaji kusogea. Kosa, kama lipo, ni kusogezwa hadi mahali pasipo pake.

Sasa nyufa. Umezitaja kama kwa kupita, lakini nadhani ndizo zilizowakatisha tamaa na bima tangu mwanzo. Sehemu kadhaa za Dodoma zina udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Sisi tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Aprili, halafu kiangazi kirefu. Udongo huo unainua msingi na kuushusha kila mwaka. Ufa wake una sura yake: unaanzia kwenye kona ya dirisha au mlango na kupanda kwa ngazi ukifuata maungio ya tofali, mwembamba chini na mpana juu, au kinyume chake. Mkitaka kujua kama bado unatembea, pakeni kipande cha jipsam chenye upana wa vidole vitatu kikivuka ufa, mwandike tarehe juu yake kwa kalamu. Jipsam haivutiki. Ukuta ukisogea hata unene wa ukucha, itapasuka katikati, nanyi mtajua ni mwezi gani.

Bima ya kawaida ya nyumba hailipi nyufa hizo. Inalipa tukio la ghafla ambalo hukulitarajia: moto, radi, dhoruba, mafuriko, gari kugonga ukuta, bomba kupasuka, wizi wa kuvunja. Kutitia kwa msingi taratibu, mchwa, kutu, kuchakaa na ufundi mbovu vimetengwa kwa maandishi. Walipowakatalia, kwa maelezo uliyonipa, walikuwa ndani ya mkataba, ila wangepaswa kuwaonyesha kifungu. Fedha ya nyufa itafuteni kwingine: zege la kuzunguka nyumba lenye mteremko wa kutoa maji nje, gata zinazomwaga mbali na msingi, na kuhamisha bomba la bustani linalolowesha upande mmoja wa ukuta. Hayo yanafanya kazi kuliko kuziba ufa kwa plasta kila Krismasi.

Tetemeko ni jambo tofauti na nyufa za udongo, na naomba mlitafute kwenye hati yenu kwa jina lake. Dodoma ipo kwenye tawi la mashariki la Bonde la Ufa, na mitikisiko huku si habari ngeni. Kagera walipopigwa na tetemeko la kipimo cha 5.9 tarehe 10 Septemba 2016, maelfu ya nyumba zilianguka au kupasuka, na nyingi hazikuwa na bima yoyote. Katika mikataba mingi ya nyumba tetemeko limo, katika mingine linaongezwa kwa ada ndogo. Someni.

Kinachovunja nyumba nyingi za huku kuliko vyote ni upepo unaotangulia mvua za kwanza. Nimefanya kazi ya kukadiria hasara katika kanda hii, na kuna nyumba mbili za mtaa mmoja huko Ihumwa ambazo bado nazitolea mfano. Zote zilipigwa na upepo uleule, alasiri moja ya Desemba. Ya kwanza, upande mzima wa paa uliondoka, bati, papi na kenchi, ukaenda kulala juu ya uzio wa jirani. Nilipopanda ngazi nikakuta ile mbao inayolala juu ya linta ilishikwa na misumari tu, mingine imetoka ikiwa imenyooka kama ilivyotoka dukani, haikupinda hata kidogo. Ya pili ilikuwa nyumba tatu mbele. Fundi wake aliacha vipande vya nondo nyembamba vikichomoza kwenye linta wakati wa kumwaga zege, kila baada ya hatua moja na nusu hivi, halafu akavipinda juu ya mbao na kuvikaza kwa misumari ya kupigia bati. Hapo upepo ulifunua bati chache za ukingoni, basi. Mwenye nyumba ya kwanza alilipwa mwishowe, lakini baada ya mvutano mrefu, kwa sababu kampuni ilitaka kujua kama aliyevunja paa ni upepo au ni fundi.

Nasimulia hili kwa sababu linagusa ada yenu. Jumamosi moja mwombeni fundi mnayemwamini apande darini na tochi, apige picha namna kenchi zilivyofungwa, geji ya bati, na nyaya za umeme zinavyopita. Kama hazijafungwa, zifungwe, ni kazi ya siku moja au mbili na vifaa vyake havina bei kubwa. Kama zimefungwa, picha hizo ziende pamoja na barua yenu ya kuomba kiwango kipunguzwe. Wakala hana haja ya kuziona, ila mwandikia hatari wa kampuni, yule anayepanga kiwango, akizipata ana jambo la kuandika kwenye faili kuhalalisha punguzo. Mtungi wa kuzimia moto uliokaguliwa, geti imara, na mlinzi kama yupo navyo viandikwe.

Yapo mambo ambayo lazima myaseme hata kama yatapandisha ada kidogo. Je, mmefungua fremu mbele ya nyumba? Mmepangisha chumba cha uani kwa wanafunzi? Mmefunga sola, au pampu ya kisima? Na tangi la maji, kwa kuwa Dodoma hakuna nyumba isiyo na tangi kutokana na mgawo, je, limekaa juu ya mnara wa zege au juu ya dari? Tangi la lita elfu mbili likijaa lina uzito wa tani mbili, na likianguka linashuka na ukuta. Matumizi ya nyumba yakibadilika na kampuni haikuambiwa, ndipo dai linapokataliwa siku ya siku. Ulizeni pia nyumba ikikaa tupu kwa likizo ndefu inakuwaje. Mikataba mingi inasimamisha kinga ya wizi na ya maji nyumba ikiachwa bila mtu zaidi ya siku 30. Ninyi walimu mnaosafiri Desemba kwenda kwa wazazi mlijue hilo.

Sasa namna ya kwenda kuzungumza. Barua iende benki, nakala kampuni ya bima, mkiomba mchanganuo wa ada kwa maandishi: thamani ya jengo, kiwango, VAT, na kama kuna bima nyingine iliyochanganywa humo. Mara nyingi kwenye mikopo ya nyumba kuna bima ya maisha ya mkopaji, inayolipa deni akifariki, na hiyo ni kitu kingine kabisa. Ambatanisheni makadirio ya gharama ya kujenga upya kutoka kwa mkadiriaji majenzi au mthamini aliyesajiliwa. Kisha waulizeni benki ni kampuni zipi nyingine wanazikubali. Benki inachohitaji ni kuandikwa kama mnufaika wa kwanza kwenye hati hadi deni liishe, na hilo kampuni yoyote yenye leseni inaweza kuliandika. Mkiwa na orodha hiyo, nendeni kwa dalali wa bima awatafutie bei mbili tatu. Mkipata shilingi 1.70 kwa elfu badala ya 2, kwa milioni 110 mtalipa 220,660 pamoja na VAT. Hiyo ni nyongeza ya kama elfu sabini juu ya mlichokuwa mnalipa, tena kwa nyumba iliyo na kinga kamili sasa.

Kukubali ekses kubwa zaidi ni njia nyingine ya kupunguza ada, nami naipenda kwa watu wenye mshahara wa uhakika. Hasara za laki mbili tatu mnaweza kuzibeba wenyewe. Bima ibaki kwa ajili ya lile litakalowarudisha kwenye kupanga. Lakini msikubali punguzo linalopatikana kwa kufuta dhoruba au mafuriko. Kuna mteja wa Mpwapwa aliyefuta mafuriko kwa kuwa korongo la karibu lilikuwa kavu mwaka mzima. Makorongo yetu yote ni makavu mwaka mzima, hadi siku moja. Tazama reli ya kati pale Gulwe na Kidete, imesombwa na maji mara ngapi katika nchi ambayo tunaiita kame.

Kuhusu kuiacha kabisa mkopo ukiisha, uamuzi ni wenu na sheria haiwalazimishi. Ila tafakarini hivi. Leo nyumba ikiungua, benki nayo ina hasara, ndiyo maana inawasukuma. Mwakani hasara yote ni yenu wawili, na wewe Mwalimu siku moja utastaafu. Kiinua mgongo ni kimoja. Nyumba ya milioni 110 inalindwa kwa kama elfu kumi na nane na mia nne kwa mwezi kwa bei ile ya dalali, au elfu ishirini na mbili kwa bei ya benki baada ya kurekebisha thamani. Mimi nikiwa mahali penu nisingeiacha mwaka ule hasa ambao mkopo unaisha. Ningeondoa benki kwenye hati kama mnufaika, nichague kampuni mwenyewe, na niongeze vitu vya ndani, kwa sababu bima mliyonayo sasa karibu kwa hakika ni ya jengo tu. Friji, makochi, kompyuta na vitabu vyenu havimo.

Jambo la mwisho ni tarehe, na naliweka mwisho ili mlikumbuke. Bima ya hapa kwetu haikopeshwi: ada isipolipwa, hakuna kinga. Msiache mazungumzo yapite siku ambayo hati ya sasa inaisha. Ikibaki wiki moja na hamjajibiwa, lipeni kiasi wanachotaka, mkieleza kwa maandishi kwamba mnapinga thamani, kisha daini marekebisho na kurudishiwa kilichozidi. Mkishalipa, hakikisheni hati yenu inaonekana kwenye mfumo wa kuhakiki bima wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, msitosheke na ujumbe wa simu. Kampuni ikikaa kimya, makao makuu ya TIRA yako hapahapa Dodoma, nendeni na barua yenu iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Na kama siku moja mtakuwa na dai lililokataliwa bila sababu mnayoielewa, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, huduma yake ni bure, na hahitaji muwe na wakili.

Ripoti ya uthamini ikifika mikononi, nitumieni ule ukurasa wenye thamani zote, mkiwa mmefunika majina na namba ya kiwanja, niutazame kabla hamjaandika barua.